Mtaa wa Kutembea Ndani ya Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameokotwa kwenye vikao vya mtaa, vijiwe vya kahawa na makundi ya WhatsApp ya majirani wanaotaka barabara ya kwao ipunguziwe magari. Mengine yaliulizwa kwa hasira, na hasira yake imeachwa kama ilivyo. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. "Mtaa wa kutembea" ndiyo nini? Mnafunga barabara?

Mara nyingi hapana. Ni barabara ambayo mwenda kwa miguu ndiye mwenyeji, na gari ni mgeni: linakaribishwa, ila linaingia taratibu na linajua pa kukaa.

Kuna ngazi tatu. Ya kwanza, magari yanaendelea kupita pande zote mbili, lakini njia yao inabanwa, matuta yanawekwa, na pembeni inajengwa njia ya miguu ya kweli. Ya pili, barabara inakuwa ya mwelekeo mmoja na nafasi iliyobaki inarudi kwa watu. Ya tatu, magari yanazuiwa kabisa, ama siku nzima ama kwa saa fulani. Mitaa mingi ya makazi ya Sinza, Magomeni au Temeke haina haja ya kuvuka ngazi ya kwanza. Ya tatu inafaa pale ambapo watu wamejaa kiasi kwamba gari lenyewe ndilo linaloteseka. Mtaa wa Kongo, Kariakoo, siku mbili kabla ya Idi, hakuna anayeufunga. Lakini jaribu kupita na gari.

2. Huu si mtindo wa Ulaya mnaotuletea?

Panda boti uende Zanzibar. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilijengwa kabla gari halijajulikana: nyumba zimesogeleana zikapeana kivuli, mabaraza yako nje, na huwezi kumpita mtu bila kumsalimia. Hata hapa Dar, kule Uhindini, wajenzi wa zamani waliacha ghorofa za juu zitokeze juu ya njia ya miguu, ukatembea kivulini bila hata mti mmoja. Kigeni ni hii tabia ya kumwachia mwenye gari barabara yote, na mwenye miguu abaki kwenye ukingo wa mtaro.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao hawana gari. Wanatembea, au wanatembea kwenda kupanda daladala, bajaji au basi la mwendokasi. Kwa hiyo hatuwafundishi watu wa Dar kutembea. Tunawatengenezea wanapotembea tayari.

3. Tuanze na barabara ipi?

Ile yenye watu wa miguu wengi leo, si ile unayotamani iwe nao kesho. Chukua kiti cha plastiki, daftari na kalamu, ukae kivulini kwa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Piga vijiti: wa miguu wangapi, baiskeli, bodaboda, bajaji, magari. Ukimaliza, pima kwa futi kamba kila kundi limepewa upana gani. Daftari hilo ukilipeleka kikaoni linasema kuliko hotuba.

Tazama pia wanakoelekea. Shule ya msingi, zahanati, soko na kituo cha mwendokasi ndivyo vinavyotoa watu. Mwendokasi ulianza Mei 2016 kwa njia ya Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Kariakoo, jumla kilomita 21 hivi, na jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, la kwanza Afrika kuipata. Lakini shuka Kagera au Usalama, kata kona uingie mitaani: mita chache tu na njia ya miguu imekwisha. Hapo ndipo pa kuanzia.

## Magari na maegesho

4. Mkibana barabara hii, foleni haitahamia mtaa wa pili?

Sehemu yake itahama, si yote. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza, Cairns, Atkins na Goodwin, walikusanya mifano zaidi ya 70 kutoka nchi 11 ya barabara zilizopunguziwa nafasi ya magari. Katika nusu ya mifano hiyo, zaidi ya asilimia 11 ya magari hayakuonekana tena, si pale wala mitaa ya jirani. Watu walibadili saa, njia au usafiri, na safari nyingine waliziacha.

Hata hivyo, usibane mtaa mmoja peke yake. Dar ina ugonjwa wa njia za panya: Shekilango ikisimama, madereva wanapenya mitaani wakikimbia kuliko walivyokuwa barabara kuu. Ukiziba tundu moja watatafuta la pili. Barcelona walichukua kundi la mitaa tisa ya nyumba wakalifanya kitu kimoja: mkazi anaingia na kutoka, lakini hakuna njia ya kukatiza kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mitaa iliyonyooka ya Kariakoo na Ilala inaweza kabisa kupangwa hivyo. Manzese, ambako nyumba zimejipanga zenyewe, kazi ni tofauti: vichochoro tayari vimezuia magari, kinachotakiwa ni mtaro na taa (maswali ya 11 na 12).

5. Gari langu nitaliegesha wapi?

Kama una uwanja, uwanjani. Kama huna, patapimwa nafasi chache za wakazi upande mmoja wa barabara. Gari dogo lililoegeshwa linakula kama mita 10 za mraba, na hicho ni chumba cha kupanga cha watu wawili. Hakuna anayeweza kuweka kitanda chake barabarani akasema ni haki yake.

Nitaeleza nilichokiona mtaani kwetu asubuhi moja, maana ndicho kilichonifanya nianze kujibu maswali haya. Mtoto wa kike, sare ya bluu na nyeupe, amemshika mdogo wake mkono. Njia yao ni mifuniko ya mtaro. Mfuniko wa tatu haupo, na mbele yake kuna Noah imeegeshwa, pua imegusa ukuta. Akamtazama mdogo wake, akatazama barabara, akashuka. Bodaboda aliyekuwa anakuja akapiga honi bila kupunguza mwendo. Mtoto wala hakushtuka. Amezoea.

6. Kwa nini kilomita 30 kwa saa wakati sheria inaruhusu 50 kwenye makazi?

Kwa sababu ya breki. Mpe dereva sekunde moja ya kushtuka, kwenye lami kavu. Aliye kwenye 30 atasimama baada ya mita 13 hivi. Aliye kwenye 50, katika mita hizo hizo 13, mguu wake haujagusa hata pedali. Atasimama karibu na mita 28. Shirika la Afya Duniani linashauri 30 popote watu na magari wanapochanganyika, na Azimio la Stockholm la 2020 likasema vivyo hivyo.

Kibao hakimshtui dereva wa Dar. Kinachomshtua ni tuta, kona iliyobanwa na kivuko cha zebra kilichoinuliwa usawa wa njia ya miguu. Tafadhali msijenge matuta wenyewe usiku kwa mawe na saruji. Najua mnakotokea, lakini tuta lililochongoka linavunja uti wa mgongo wa mgonjwa aliyelazwa kwenye bajaji kabla halijamfundisha adabu mwenye mwendo.

## Biashara

7. Duka langu linategemea wateja wenye magari. Mnataka nife njaa?

Fanya jaribio wiki moja: kila anayenunua, muulize amekujaje. Wenye fremu wengi hushangaa. Gari linaloegeshwa mlangoni tangu saa mbili asubuhi hadi jioni mara nyingi ni la mwenye duka mwenyewe, au la jirani yake.

Pamoja na hayo, sitakuahidi faida. Kigali walifunga barabara ya katikati ya mji mwaka 2015, na kwa miaka ikabaki uwazi wa jua tu, wenye maduka wakalalamika. Ilipowekewa miti, viti na pa kukaa ndipo ikaitwa Imbuga City Walk na watu wakaja. Kuondoa magari bila kuleta kitu kingine ni nusu ya kazi, na ni nusu inayoumiza.

8. Wamachinga na mama lishe wataondolewa?

Wakiondolewa, mradi umekufa. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kando ya barabara za Dar wakapelekwa kwenye maeneo waliyotengewa. Njia za miguu zilionekana tena, na wengi tulifurahi kutembea bila kuruka viatu vya watu. Baada ya muda wengi wakarudi, kwa sababu moja rahisi: mteja wa mmachinga ni mtu anayepita kwa miguu akielekea kupanda gari. Ukimpeleka mmachinga asikopita mtu, umempeleka kupumzika.

Lakini na upande wa pili useme ukweli. Meza ikitoka hatua moja leo na mbili kesho, mama mwenye mtoto mgongoni anashuka barabarani kama yule mtoto wa swali la 5. Mmachinga anaweza kumuua mwenda kwa miguu sawa na gari lililoegeshwa vibaya.

Suluhisho ni mstari. Kuanzia ukutani: nusu mita ya kuingilia madukani, kisha mita mbili zisizoguswa na mtu yeyote, awe mmachinga, mwenye fremu anayetandaza majiko nje, wala nguzo ya umeme. Baada ya hapo, ukanda wa mita moja na nusu kuelekea barabarani ndipo vinapokaa miti, taa, meza za kuuzia na viti vya mama lishe. Mstari uchorwe kwa vitofali vya rangi nyingine, si chokaa ya siku tatu. Na walinzi wa mstari wawe wafanyabiashara wenyewe, kwa viongozi wao. Wanajuana, na wanajua nani kasogeza meza usiku.

9. Mizigo itaingiaje?

Kwa saa. Kirikuu na malori madogo yaingie alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kisha jioni baada ya maduka kufungwa. Katikati ya mchana, guta na mikokoteni, kama inavyofanyika Kariakoo siku zote.

## Jua, mvua na giza

10. Nani atatembea kwenye jua la Januari?

Swali zuri kuliko yote, na wahandisi ndio hulisahau. Njia pana ya vitofali bila kivuli ni kikaango. Watu wataiacha na kutembea upande wa pili wa barabara, chini ya ukuta wenye kivuli cha shubiri moja.

Kwa hiyo miti kwanza, vitofali baadaye. Mwarobaini unavumilia, haunywi maji mengi na kivuli chake ni kizito. Mkungu hutandaza matawi kama mwavuli na watoto hupenda kungu zake, ila hupukutisha majani makubwa yanayoziba mitaro, kwa hiyo lazima pawe na mfagiaji. Mkrismasi ni mzuri kwa macho, lakini mizizi yake huinua sakafu, uupe nafasi. Mwembe? Kivuli kitamu, na mawe ya watoto yatavunja vioo Novemba yote. Na jamani, tuache ashoki. Mji mzima umepandwa ashoki, mti mrefu mwembamba unaojivika kivuli wenyewe.

Mche mmoja unahitaji shimo la kina, kizimba dhidi ya mbuzi na magari, na mtu mmoja mwenye jina wa kuumwagilia kiangazi. "Jamii itamwagilia" maana yake hautamwagiliwa. Mpe mwenye fremu iliyo mbele yake. Ndiye atakayekaa chini yake.

11. Mvua ikinyesha si itakuwa bwawa?

Itakuwa, kama mtaro haukufikiriwa. Dar ina misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kila mwenye kupita Jangwani anajua Mto Msimbazi unavyoifunga Barabara ya Morogoro. Maji ya mtaani kwako yanaishia kwenye mto kama huo. Ukizidi kusakafia, unayaharakisha kumfikia jirani wa bondeni.

Mambo matatu. Kwanza, mtaro ufunikwe kwa mifuniko inayoinulika na watu wawili. Usiofunikwa unageuka jalala. Uliofunikwa moja kwa moja hauzibuliki. Mfuniko pia ndio njia ya miguu, na hiyo ni nafasi ya bure. Pili, usiweke zege kila mahali: vitofali vilivyokaa juu ya mchanga, na mashimo ya miti yaliyo chini kidogo ya usawa wa njia, hunywa sehemu ya maji. Tatu, jua mtaro wako unamwaga wapi. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaro ya kata zinazofurika, na kazi yao imewekwa kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Fungua utazame kabla ya kuchimba.

Mfuniko ukivunjika, urudishwe wiki hiyo hiyo. Jirani yetu mmoja alitumbukia usiku, akavunjika kifundo, na hadi anapona mfuniko ulikuwa bado ni tawi la mti lililosimikwa kama alama.

12. Taa je?

Nguzo fupi, karibu karibu, zimulike njia ya miguu na si katikati ya barabara peke yake. Mama lishe wa jioni na muuza chipsi ni taa pia: walipo, binti anayerudi saa nne usiku anapita bila kukimbia.

## Bodaboda, ulemavu na dharura

13. Bodaboda hawatapanda kwenye njia ya miguu?

Watapanda, kama wanavyopanda kando ya njia ya mwendokasi. Nguzo fupi za zege zilizoachana mita moja hazimzuii bodaboda, ila zinamfanya apunguze. Gari ndilo zinalolizuia kabisa. Kinachosaidia zaidi ni kijiwe chao kupewa nafasi rasmi, yenye kivuli, mwanzoni mwa mtaa. Akiwa na pa kusubiria abiria, hana sababu ya kuzunguka. Waalikwe kikaoni tangu siku ya kwanza, maana mtaa wa kutembea uliopangwa bila bodaboda hudumu mpaka abiria wa kwanza mwenye haraka.

14. Mwenye kiti cha magurudumu atapitaje?

Kwa zile mita mbili za swali la 8, na kwa mteremko kila kona: usizidi kupanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za urefu. Njia ya miguu iliyoinuliwa sana na kukatwa kwenye kila geti ni ngazi kwa jina lingine. Geti ndilo lishuke kwa gari. Njia ibaki sawa. Tangu Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 hili si hisani. Njia bora ya kukagua ni kumwomba mkazi mwenye kiti aongoze, na mhandisi afuate nyuma akisukuma.

15. Zimamoto, gari la wagonjwa na gari la maiti je?

Acha uwazi wa mita tatu na nusu usio na nguzo za kudumu. Kwenye lango weka nguzo ya kung'oka kwa ufunguo. Gari la dharura hukwamishwa na magari yaliyoegeshwa pande mbili, si na watu, maana watu husogea. Kuhusu misiba na harusi, tayari tunafunga mitaa kwa turubai na viti vya kukodi siku tatu mfululizo, na hakuna aliyewahi kusema mji umesimama.

16. Kwa nini msijenge daraja la juu la waenda kwa miguu?

Kwenye barabara kuu yenye njia nyingi, kama pale Manzese, lina sababu yake. Mtaani, hapana. Linamlazimisha mwenye miguu apande ghorofa ili gari lisipunguze mwendo.

## Ruhusa, fedha na mambo ya pembeni

17. Tunaanzia ofisi gani?

Kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, upate muhtasari wa mkutano wa wakazi wenye mhuri. Kisha mtendaji wa kata na diwani, kisha halmashauri yako: Jiji (iliyokuwa Ilala hadi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, na huko mlolongo ni mrefu zaidi. Kabla ya kuchimba, waone DAWASA wa maji na TANESCO wa umeme. Hakuna kitu kinachouma kama vitofali vipya vinavyofumuliwa baada ya mwezi kupitisha bomba.

18. Tunaweza kujaribu kwanza?

Ndiyo, na ni vizuri. Jumapili moja, kwa kibali na polisi wa usalama barabarani: matairi chakavu yaliyojazwa udongo, chokaa, viti, watoto na mpira. Bogotá imefunga barabara zake hivi kila Jumapili tangu miaka ya 1970, na Addis Ababa ilianza siku zake bila magari Desemba 2018. Jumapili moja itawaonyesha mambo ambayo mchoro hauonyeshi, kwa mfano ni geti la nani hasa lina magari manne.

19. Fedha zinatoka wapi?

Sehemu kubwa ya gharama za mtaa mzima, yaani mitaro na sakafu, ni ya Serikali na halmashauri. Msichangishane kwa hilo. Lakini vivuko, matuta na rangi si ghali. Shirika la Amend lilifanya hivyo kuzunguka shule za msingi za Dar kwa mpango wa SARSAI: njia za miguu, matuta, vivuko, mara nyingine kuhamisha geti la shule tu. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross.

20. Nyumba zitawekwa X nyekundu?

Woga huu wa alama ya kubomolewa una historia, hasa Kimara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande. Mtaa wa kutembea unabana njia ya gari, haupanui barabara, kwa hiyo hauna sababu ya kugusa nyumba. Ngazi, kibaraza au ukuta uliosogezwa hadi juu ya mtaro, huo utaguswa. Omba upimaji uonyeshwe hadharani kabla ya kazi, kila mmoja aone mpaka wake.

21. Mtaa ukipendeza, kodi ya pango haitapanda?

Inaweza kupanda, na mpangaji wa chumba kimoja ndiye atakayehama kwanza. Sina dawa kamili. Kinachopunguza makali ni kufanya mitaa mingi kwa kiwango cha kawaida, badala ya mmoja wa maonyesho, ili mti na mfuniko wa mtaro visiwe anasa ya kulipia.

22. Tumeshajenga, na sasa magari yanaegeshwa juu ya njia ya miguu. Tufanyeje?

Kwanza mjue ni ya nani. Mara nyingi ni ya watu watatu au wanne wale wale, na mmoja ni mjumbe wa kamati. Ongeeni naye nyumbani, si kwenye kundi la WhatsApp. Ikishindikana, piga picha siku saba mfululizo zenye tarehe, zipelekwe TARURA na polisi kwa barua ya mtaa. Wakati mnasubiri majibu, wekeni madumu ya zege yenye miche pale pale gari linapopandia.